Kiti Kilichokwama Mbele

9 Januari

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu nyingi, na pole na kazi za mabomba. Sisi huku wazima. Bega langu ndilo linanikumbusha umri kila nikinyanyua injini. Mkazamjomba wako anakusalimu sana, anasema ile picha yako ya chuo cha ufundi bado iko ukutani na kila mgeni lazima aoneshwe. Yadi yetu ya kuvunja magari ina kazi nyingi, namshukuru Mungu. Mvua zimejaza matope mpaka tunatembea juu ya milango ya magari kama madaraja.

Sasa, nimesikia kiti cha pikapu ya marehemu baba yako kimechakaa, springi zinakuchoma mgongoni. Pikapu ya mzee ile, si ajabu. Hapa tumevunja nyingine iliyogongwa kwa nyuma, na viti vyake vya mbele havina hata doa. Ni viwili, kila kimoja kinajitegemea, mgongo unalala na kuinuka. Nimekuwekea. Dereva wa lori anayeleta mabati huko kwenu atakushushia mlangoni.

Ila nakuomba jambo moja. Kile kiti kirefu cha zamani usikichane, wala usimpe fundi akifungue. Legeza boliti zake nne za sakafuni, kitoe kizima kama kilivyo, umpe dereva huyohuyo aniletee. Kuna mtu hapa anakitaka hivyohivyo.

Msalimie dada yangu. Mwambie magoti yake nayaombea.

Ni mimi, mjomba wako.

2 Februari

Mjomba, shikamoo.

Mkazamjomba naye mpe shikamoo yake. Sisi hatujambo. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, lakini bado anakwenda kila mahali kwa miguu. Wiki iliyopita nilimaliza kuunganisha maji kwenye shule mpya, vyoo kumi na sita, na mwalimu mkuu alipofungua bomba la kwanza likamrushia maji kifuani. Alicheka, nashukuru.

Viti vimefika. Ni vizuri kweli, ahsante. Nimevikalia vikiwa uani nikajiona meneja.

Sasa niulize, mjomba, usinichukie. Nani alikuambia habari ya springi? Nilimwambia mama peke yake, jikoni, tukichambua mchele. Nimemuuliza kama mmewasiliana, akasema, "Na nani? Kaka yangu? Tangu lini?" halafu akaenda kufua nguo ambazo alikwishazifua.

Na huyo mtu anayetaka kiti kilichooza ni nani? Nimekupigia simu mara nne nikuulize. Inaita mpaka inakata. Lakini barua unaandika, kurasa mbili, mwandiko umenyooka.

Tangu tumzike baba ni miaka minane. Umeniandikia mara mbili tu. Mara ya kwanza nilipomaliza chuo. Mara ya pili nilipoifufua pikapu hii iliyokuwa imelala uani miaka sita, na uliniandikia nikaiuze. Sasa ghafla unanitumia viti.

Juzi nilikuwa na kazi jirani na kibanda cha muuza maziwa. Aliponiona alishuka kwenye stuli yake, akachukua magongo, akafunga dirisha na wateja wakiwa wamepanga foleni. Nimezoea. Siku aliyofariki, baba alisinzia kwenye usukani, akamgonga huyu akiwa kwenye baiskeli, yeye akapoteza mguu, nasi tumebaki kugeuziwa uso. Nimekutajia hilo kwa sababu wewe ulikuwa ndani ya gari, na hujawahi kunisimulia siku ile. Hata mara moja.

Kiti cha zamani bado hakijatoka. Matundu ya viti vyako yamepishana na ya sakafu yangu kwa upana wa vidole vitatu, hivyo lazima nimwite mchomeleaji.

Mpwa wako.

19 Februari

Mpwa wangu,

Salamu. Tuko salama. Barua hii ni fupi kwa sababu dereva ananisubiri na injini inawaka.

Habari za watu hufika, usihesabu zimepita mlango gani. Anayetaka kiti ni mteja.

Mchomeleaji wa nini? Usiingize watu kwenye kazi ndogo. Toa kiti, kifunge kwenye turubai, nitumie. Nitakutengenezea vyuma vya kuunganishia hapahapa, nikuletee vikiwa tayari na matundu yake. Mpaka hapo endesha ulivyozoea, weka gunia mgongoni.

Simu yangu ni mbovu.

Mjomba.

16 Machi

Mjomba, shikamoo.

Mama mzima. Mimi mzima. Turubai sikununua.

Mchomeleaji alikuja Jumamosi asubuhi. Ni mtu mzima, amefanya kazi na magari tangu mimi sijazaliwa, na alimfahamu baba. Boliti tatu zilitoka kwa spana na mafuta. Ya nne ilibidi ikatwe kwa grinda. Alipokiinua kiti alilala chini na tochi, akaniita.

"Kiti hiki umewahi kukisogeza?" akaniuliza.

Nikamwambia sijawahi. Kilikuwa kimekwama tangu niichukue gari, na kwa kuwa mimi ni mfupi, miguu yangu ilifika vizuri, sikuwa na haja.

"Hakisogei," akasema, "kwa sababu reli ilipinda siku ya ajali. Chuma kimeingia kwenye tundu la mwisho la mbele, kimejifunga humo. Njoo ushike."

Nikashika. Kisha akaniambia kitu ambacho nimekibeba wiki nzima. Alisema, "Marehemu baba yako tulimwita Nguzo. Mwezi mmoja kabla ya ajali alinipa lifti, magoti yake yalikuwa karibu na masikio, na kiti kilikuwa nyuma kabisa. Kwenye tundu hili asingeweza kuingia hata kama angekatwa vipande."

Tulijaribu. Yeye mwenyewe, ambaye si mrefu kama baba, alipanda tukiwa tumekirudisha kiti mahali pake. Usukani ulimkaba tumboni, goti halikupita.

Mjomba, mlikuwa watatu kwenye kiti kile. Baba, mama na wewe. Mama hajui hata kuwasha gari. Tangu pikapu irudi barabarani hajawahi kuigusa, hata mlango. Baba hakuingia pale. Sasa wewe, uliyehama mji wiki tatu baada ya msiba, unayesema simu mbovu, unayekitaka kiti hiki kizimakizima, niambie ni nani alikuwa anaendesha.

Usiniandikie habari za mvua.

3 Mei

Mpwa wangu,

Umengoja, najua. Nilianza barua hii mara nyingi.

Ni mimi.

Nilikuwa naendesha mimi. Baba yako alikuwa amechoka, nikamwambia anipishe. Nilisogeza kiti mbele kwa sababu napenda kukaa karibu na usukani. Nilisinzia mimi, si yeye. Alipofariki nikaogopa, nikasema ni yeye. Mama yako alikuwa amepoteza fahamu, hakuona kitu, hajui kitu mpaka leo. Usimuulize. Nakuomba kwa kila ulichonacho cha thamani, usimuulize. Ukitaka kunichukia, nichukie, una haki. Ukitaka kwenda polisi, taja jina langu, sitakataa.

Ila kiti nitumie, au kichome moto. Usikifungue.

Mjomba wako, kama bado unakubali niitwe hivyo.

12 Mei

Sina salamu.

Nimesoma barua yako nimekaa juu ya ndoo uani, nikaisoma tena. Miaka minane nimekuwa nikishusha macho mbele ya mtu mwenye mguu mmoja kwa ajili ya baba yangu. Mama yangu alikwenda kwa muuza maziwa siku ya arobaini kuomba radhi, akafungiwa mlango, akarudi na vumbi la magoti kwenye nguo. Aliomba radhi kwa niaba ya mume wake, na wewe, kaka yake wa tumbo moja, ulimwacha aende.

Mwisho wa mwezi nitakwenda polisi. Kwanza nitamwambia mama, na ni lazima aambiwe, hata kama atabaki hana ndugu.

Viti vyako viko chini ya upenu wa nyumba, vimefunikwa. Sijavifunga. Sijui kama nitavifunga.

21 Mei

Mjomba, shikamoo.

Nimerudisha shikamoo, utaona kwa nini.

Umenikataza kufungua kile kiti mara mbili, katika barua mbili. Barua ya mwisho ulishakiri kila kitu, na bado ukasema usikifungue. Nikawa najiuliza, mtu aliyekwisha kukiri anaogopa nini tena ndani ya sponji?

Jana mchana mama alipokwenda kliniki nilichukua kisu.

Upande wa abiria hakuna kitu, sponji imegeuka unga. Upande wa dereva, chini ya ngozi, juu ya sponji, kuna mto. Siku zote nilidhani pale pameinuka kwa sababu ya springi. Ni mto mnene wa kumwinua mtu mfupi aone juu ya dashibodi. Umetengenezwa kwa lile pazia letu la sebuleni la maua ya njano, ambalo mama alisema liliibwa kwenye kamba. Umeshonwa kwa uzi wa nailoni ambao mafundi bomba tunafungia viungo, mishono mikubwa, mingine inakwenda kushoto bila sababu. Huo si mkono wa mama, mama hushona kama mashine. Wako sio, wewe unaogopa sindano, bibi alikuwa akituchekesha kwa hadithi zako. Uzi ule ulikuwa kwenye mkoba wa baba, na bado uko kwenye mkoba wangu.

Nimeukalia ule mto. Mimi na mama tuna kimo kimoja. Tunavaa gauni moja.

Umenidanganya tena, mjomba. Sasa niambie.

8 Juni

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu,

Marahaba. Sikutegemea kuisikia tena.

Mama yako alikuwa anajifunza. Baba yako alimfundisha miezi mitatu, kwenye njia za mashambani tulikokuwa tunachimba visima, wewe ukiwa shule ya bweni. Walitaka kukushangaza. Ungefunga shule, ungetoka getini na begi lako, ungemkuta mama yako kwenye usukani. Hakuwa na leseni. Walikuwa wanacheka kama wachumba, nami nilikuwa shahidi wao.

Siku ile ilikuwa kama saa tisa alasiri. Kumkatalia kuingia barabara kubwa ilikuwa kazi ya baba yako, na alimkatalia. Mimi ndiye niliyesema, "Shemeji, mwache ajaribu, gari zenyewe ziko wapi?" Maneno yangu hayo. Kwa hiyo nilipokuandikia kwamba ni mimi, sikujiona kama nasema uongo mkubwa sana.

Mama yako alikuwa kwenye usukani, baba yako katikati ili aweze kuvuta breki ya mkono, magoti yamejikunja kifuani. Mimi nilikuwa mlangoni. Baiskeli ilitoka nyuma ya kichuguu. Mama yako alitaka kukanyaga breki, akakanyaga mafuta, tukamgonga yule muuza maziwa na gari likaishia shimoni.

Watu walipofika tulikuwa nje wote, chini. Baba yako alikuwa bado anapumua. Alisema neno moja: "Mimi." Basi. Mama yako alilisikia kama agizo, kwamba tuseme ni yeye. Mimi nilisikia tu mtu anayetaka kusema jambo na pumzi imemwishia. Lakini tulikuwa na wewe, mtoto wa miaka kumi na saba, baba anakata roho na mama atakwenda jela. Tukakubaliana kwamba neno lile lilimaanisha tulichokihitaji.

Uliposema utabadilisha kiti, mama yako alimpigia mkazamjomba wako analia. "Atakichana," alisema. Angeweza kuutoa ule mto mwenyewe siku yoyote katika miaka minane. Hawezi. Akilikaribia gari lile mikono inakufa ganzi.

Sasa unajua. Fanya utakaloona ni sawa. Sitakuomba tena chochote.

Mjomba wako.

27 Juni

Mjomba, shikamoo, na shikamoo ya mkazamjomba.

Mama anakusalimu. Amesema niandike hivyo kabisa, "mama anakusalimu", kwa hiyo anajua nakuandikia na anajua ninachoandika.

Nilikaa na barua yako siku nne. Siku ya tano asubuhi niliuweka mto mezani, karibu na kikombe chake cha chai, nikakaa. Alitoka chumbani anafunga kilemba, akauona. Hakushtuka. Alivuta kiti.

"Umekifungua," akasema.

"Ndiyo, mama."

Akapitisha kidole kwenye mishono. "Alijichoma sindano mara saba. Nikamwambia nipe nishone mimi, akakataa. Akasema mwanafunzi hajitengenezei kiti." Akacheka kidogo, halafu kicheko kikageuka kilio.

Nilikuwa nimejiandaa kumkasirikia. Nilikuwa na maneno yangu yote yamepangwa. Nilimuuliza moja tu, kwa nini aliniacha nimwonee baba haya.

Aliuchukua mto akaupakata. "Kila asubuhi nilisema nitakuambia jioni," akasema. "Kila jioni ulikuwa umechoka."

Hilo bado sijamsamehe, mjomba. Nakuambia wewe kwa sababu yeye nimemwambia.

Alikunywa chai, akavaa viatu vyake vya kwendea kliniki, akatoka. Nilimfuata, sikumuuliza. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha maziwa. Muuza maziwa alipotuona akanyoosha mkono kwenye dirisha. Mama akaliwekea kiganja.

"Usifunge," akasema. "Siku ile nilikuwa naendesha mimi. Si mume wangu. Mimi."

Yule mtu alibaki ameshika dirisha. Kisha akageuza kichwa akamwita mkewe, aliyekuwa nyuma anaosha makopo. Mke akaja na povu mikononi.

"Rudia," akamwambia mama.

Mama akarudia.

"Umesikia?" akamwambia mkewe. "Umesikia wewe?"

Mkewe akaketi kwenye kreti. Akasema, "Miaka minane nimekuwa nikimwambia ni maumivu yalimchanganya. Nimewaambia hata watoto wasimsikilize baba yao akianza."

Hapo ndipo nilipoelewa. Hakutugeuzia uso kwa ajili ya mguu, mjomba. Alimwona mama kupitia kioo kabla hajagongwa. Alimwambia askari palepale shimoni, damu inamtoka, kwamba dereva ni mwanamke mwenye kitambaa chekundu kichwani. Na kulikuwa na mtu aliyesimama karibu akamwambia askari, "Usimwandike huyu, amechanganyikiwa, hajui anachosema." Askari akafuta. Muuza maziwa alituambia mtu huyo ni wewe.

Hukuniandikia hilo. Barua ndefu ile, yenye kichuguu na breki ya mkono, na hilo halimo.

Mama alimwomba radhi. Safari hii hakupiga magoti, hayakunjiki. Muuza maziwa hakusema amesamehe. Alisema, "Sasa nendeni, nina wateja." Lakini dirisha aliliacha wazi, na tulipofika mbali kidogo nikasikia anamwambia mteja kwa sauti ya juu, mara mbili, kwamba ni kweli alikuwa mwanamke.

Viti vyako nimevifunga Jumatano. Mchomeleaji alichomelea vyuma vipya sakafuni, tukatoboa upya, vimekaa imara. Jana mama alikuja uani akafungua mlango wa abiria mwenyewe. Alikaa ubavu, miguu ikiwa nje, injini imezimwa, kwa muda wa kumenya chungwa moja. Kisha akashuka, akaenda kunawa.

Jumatatu ijayo, saa tatu asubuhi, tunakwenda polisi kuandikisha maelezo. Nimemwambia anaweza kufungwa. Amesema analijua hilo kuliko mimi. Muuza maziwa naye atakuwepo, na mkewe.

Panda basi la Jumapili, nitakupokea stendi. Mama amesema ukifika usimsemee hata neno moja, yake atayasema mwenyewe. Wewe njoo na yako.

Mpwa wako.